Siti ya Mwalimu wa Kisomo

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Ujiji. Siti yake ilikuwa pana na laini kama godoro la wageni, na tulipofika Kasingirima miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Kijana aliyeniendesha akacheka, akasema ni uzee. Sikubishana naye. Mambo ya siti mimi nilifundishwa mapema, tena bila kuomba.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, baba yangu alikuwa akifundisha kisomo, yaani watu wazima kusoma na kuandika. Mara tatu kwa wiki alitoka Ujiji, akapita Kidahwe, akaendelea hadi vijiji vya mbele. Chombo chake kilikuwa baiskeli nzito yenye injini ndogo, sisi tukiiita pikipiki, aliyoinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Uliiwasha kwa kukanyaga pedali, na kwenye mlima ukakanyaga tena kuisaidia. Siti ya padri ilikuwa imekatika springi. Baba akirudi alishuka polepole, akashika ukuta, akaingia ndani.

Ofisini wakamwambia kwamba kama mgongo hauiwezi tena njia ile, atahamishiwa mkoa mwingine akakae mezani. Bibi, mama yake, ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Alijibu kwa kifupi kwamba yeye Ujiji haondoki. Niliogopa sana. Sikuweza kufikiria nyumba isiyo na bibi.

Asubuhi moja baba akanichukua tukaenda kwa fundi baiskeli, Mmanyema mwenye maneno mengi. Alikuwa na siti tatu ukutani: ya ngozi ngumu, ya plastiki, na moja pana iliyojazwa sufi. Baba alifanya kama afanyavyo kila mtu, akaziminya kwa kidole gumba, kisha akachagua ya sufi.

"Kidole kinadanganya, mwalimu," fundi akasema. "Mke wangu ndiyo kwanza anainjika maharage. Panda, ukae mpaka yaive."

Basi baba yangu, na shati lake la pasi, akapanda pikipiki iliyosimama kwenye stendi mbele ya nyumba ya watu, akashika usukani, haendi popote. Wapita njia walijionea vioja, wakamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mwalimu! Safari ya wapi?"

"Kidahwe," alijibu, uso mkavu kabisa.

Kabla sufuria haijachemka vizuri, alianza kujigeuza huku na huku. Sufi ilikuwa imebonyea, amefika kwenye chuma. Fundi akambadilishia ya plastiki, ikamtoa jasho na kumtelezesha mbele. Kwenye ile ya ngozi alikunja uso tangu mwanzo, nikajua nayo imeshindwa, na moyoni nikaanza kuagana na bibi. Lakini alikaa. Harufu ya vitunguu kwenye mawese ikatoka uani, yeye yupo. Sahani zikaletwa, akala ugali wa muhogo na maharage hapohapo juu ya pikipiki, na fundi akamwambia sasa anaweza kushuka.

Hatukuhama. Baba aliendelea na njia ile mpaka nikawa msichana mkubwa, na bibi tulimzika palepale Ujiji, kama alivyotaka.

Baba alipofariki, miaka mingi baadaye, niliifungua siti nikaipeleka kwa fundi, amrithishe mwingine. Alikuwa mzee tayari. Akapitisha kiganja juu ya ngozi. Kisha akanishika mkono, akanipapasisha. Upande wa kushoto ulikuwa umezama kama bakuli. Wa kulia ulikuwa karibu mpya.

"Baba yako alikuwa anakaa nusu," akasema. "Miaka yote. Upande huu wa kulia ulikuwa unamuuma."

Siku hizi vijiji vile vimetawanyika, kisomo kimebaki kwa wazee wanaojua kuandika majina yao, na pikipiki za kukanyaga sizioni tena. Hayo siyalilii sana. Ninachokirudia ni jioni zetu mlangoni, bibi na mimi tukimpokea mkoba na kumwuliza, "Mgongo vipi?" Naye kila siku alitujibu, "Siti hii nzuri sana." Tulifurahi, tukaenda kupakua chakula. Hakuna aliyegundua kwamba hilo silo tulilomwuliza.