Rula ya Mwalimu wa Usaili

Nani alikuambia kwamba mhandisi hasemi "sijui"? Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliambiwa na mwalimu wao wa usaili, mzee mwenye sauti ya kengele na vidole vya chaki, aliyezunguka darasani akinyoosha tai za watu na kuinua videvu. Aliyetamka "sijui" alipigiwa rula mezani, pa! "Mwajiri hanunui wasiwasi, mwanangu. Jibu kwanza, mengine utajifunzia kazini." Darasa lilicheka, na kazi kweli walipata.

Mchana mmoja alirudi binti aliyekuwa mpole kuliko wote, viatu vimeganda saruji, akaketi kwenye dawati lake la zamani. "Msimamizi aliniuliza kama zege limekomaa, ili mirunda inayolishikilia ing'olewe. Sikujua, mwalimu. Nikainua kidevu, nikasema bila shaka." Dari iliporomoka, fundi mmoja akavunjika miguu yote miwili. Mwalimu aliilaza rula sawasawa na ukingo wa meza.

"Si ungesema tu hujui, binti yangu?"

"Ningesemaje, mwalimu? Wewe ndiye uliyetukataza."

Asubuhi iliyofuata mwalimu aliwahi chuoni, amekusudia kulifuta somo lile lote. Akakwama mlangoni. Kijana mmoja alikuwa mbele ameishika rula ile ile ya mwalimu, akiwanoa wenzake kwa usaili wa siku hiyo. Msichana wa nyuma alisitasita: "Hapo, kwa kweli, sijui..." Rula ikalia, pa! Darasa zima likaangua kicheko.