Mkono Ulioshika Nyaya

Harufu ya tindikali ya betri ikinikuta mahali popote, hata leo nikipita mbele ya mafundi wa magari, kidole gumba changu cha kulia huanza kuwasha. Pana alama pale, doa jeupe lenye ukubwa wa punje ya mchele. Kwa wengine hiyo ni harufu ya gereji. Kwangu ni harufu ya baraza la nyumba yetu ya Rugenge, mtaa wa Uvira, saa za alasiri, upepo wa ziwa ukituletea uvundo mtamu wa ndagala, dagaa wa kwetu, walioanikwa, na Yaya Musafiri ameinama juu ya gitaa lake akisema bila kunitazama, “Shika.” Yaya ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa, awe wa kiume au wa kike. Nami nilishika. Vibanio vya betri ile vilikuwa vimekwisha kuliwa na kutu, kwa hiyo mtu alihitajika kuchuchumaa na kubana nyaya mbili kwa vidole, mmoja huku na mwingine huku, ili umeme wa betri ya lori uingie katika redio na gitaa lipate sauti. Mtu huyo nilikuwa mimi. Bila mimi Musafiri alikuwa kijana anayekuna ubao.

Gitaa lenyewe alilichonga kwa mbao za boti lililovunjika, akalitia nyuzi zilizofumuliwa kutoka nyaya za breki za baiskeli, na chini ya nyuzi akaweka sumaku aliyoitoa katika mkono wa simu ya zamani. Redio aliinunua kwa mzee Ramazani, Mwislamu muuza vyombo vya mitumba ambaye babu zake walifika Uvira kwa biashara ya ziwa. Panya walikuwa wametafuna karatasi ya spika yake, na mzee alitaka kuibadilisha. “Ukitengeneza utaiua,” Musafiri alimwambia, akaondoka nayo vile vile. Spika ile ilikwaruza, ikanguruma, ikalia kama bati linaloburutwa juu ya mawe, na hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiitafuta tangu siku alipopata kaseti isiyo na jina kutoka kwa dereva mmoja wa lori. Sisi sote tulilelewa kwa rumba na nyimbo za kwaya. Yeye alipenda roki, mtu peke yake katika mji mzima, na mji haukumwacha apende kwa amani. Kiongozi wa kwaya ya vijana alimwondoa kanisani akimwambia, “Mungu haiko kiziwi, Musafiri.” Wanawake waliopita na beseni za samaki walimuuliza kama gitaa lake iko mugonjwa, walipeleke kwa daktari. Alicheka nao. Mwenye kutaka cha mvunguni huinama, na yeye alikuwa ameinama siku nyingi.

Siku moja mikono yangu ilichoka na kuanza kutetemeka juu ya betri, na sauti ikatetemeka nayo, ikakatika na kurudi, ikapanda kama mtu anayelia huku anakimbia. Nilidhani atanigombeza. Alisimama, akanisogelea, akaniambia sikioni, “Furaha, usitulie sana. Mukono ikitetemeka kidogo, gitaa inalia vizuri.” Tangu hapo nilijifunza kutetemesha kwa makusudi, mahali wimbo unapopanda, na kutulia mahali unaposhuka. Hakuna aliyejua. Watu walitazama vidole vyake. Mimi nilikuwa chini, karibu na miguu yake, nikiwa na siri yangu, na nilijiona mwanamuziki.

Kisha vita vikaja mara ya pili. Wenye silaha walikamata vijana barabarani wawabebee mizigo, na Musafiri alikuwa miongoni mwao. Walipanda kuelekea milima ya Lemera, na kwa muda mrefu hatukujua kama yu hai. Mama aliacha kwenda ufukweni kununua ndagala wa kuuza. Nyanya, mama yake marehemu baba, alikaa mlangoni na rozari, akisali Kirundi cha kwao Nyakabere. Mimi nilifunika betri kwa gunia na kila asubuhi niliifuta vumbi. Aliporudi alikuwa na kikohozi kilichotoka chini kabisa ya kifua, mabega yamechubuka, na macho yaliyopita juu ya vichwa vyetu. Hakutusimulia kitu. Nilimwekea betri barazani, nikashika nyaya zangu, nikangoja. Alilitazama gitaa, akaingia ndani akalala.

Aliyemrudisha kwenye gitaa hakuwa mimi. Alikuwa Neema, na hapo ndipo maumivu yangu yalipoanzia. Neema alitoka Nyakabere, kijiji cha Nyanya, binti wa jirani wa zamani, rika langu. Vita vilipita katika mashamba yao, akabaki bila baba wala mama, na watu waliokimbia naye wakamleta kwetu kwa sababu jina la Nyanya ndilo pekee alilolijua mjini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Mwenyeji yupi, sikuambiwa. Alipewa nusu ya mkeka wangu na kitenge changu cha maua ya bluu. Hakuwa akisema neno. Aliketi barazani na mikono mapajani, na Musafiri akaketi upande wa pili akikohoa, na wale wawili walikaa kimya saa nzima kama watu walioelewana. Walikuwa wameona mambo ambayo mimi sikuyaona. Niliwaonea wivu hata wa hofu yao.

Alasiri moja Musafiri alichukua gitaa, akapiga sauti moja tu, bila redio. Neema aliinua kichwa, akaitoa ile ile kwa koo, sawasawa, bila kutafuta. Musafiri akapiga nyingine. Akaitoa. Musafiri akacheka, kicheko cha kwanza tangu Lemera, akaita, “Furaha! Leta betri!” Nilikimbia nayo kifuani nikidhani tumerudi zamani. Nilipochuchumaa na kubana nyaya, nikaona anamwekea Neema gitaa mapajani.

Ndivyo ulivyopita msimu ule. Yeye alifundishwa, mimi nikashika. Umeme uliopita vidoleni mwangu ulikwenda kulia vidoleni mwake. Nilijua kuwa nikiachia waya mmoja tu Neema angebaki na ubao, na wazo hilo lilinipa joto tumboni, lakini sikuachia hata mara moja. Haikuwa wema. Nilitaka kusikia. Nilimwomba Musafiri anifundishe na mimi. Hakunikatalia. Nilikuwa nimetazama sana, nilijua kila kidole kinakwenda wapi, ningeweza kumchorea mtu mchangani. Nikaweka vidole vyangu palepale, na gitaa likatoa mlio wa sufuria iliyoanguka.

“Tena,” alisema. Sufuria ikaanguka tena.

“Weye uko na macho, Furaha,” aliniambia. “Unaona vitu yote. Neema yeye iko na masikio.”

“Na minye nifanye nini na macho?”

“Angalia,” alisema, akakohoa hadi akaegemea nguzo. “Mutu mumoja lazima aangalie.”

Alikuwa ameanza kunywa kanyanga. Pombe ile ya moto ilimtuliza kikohozi kwa dakika chache na kumwongezea kwa siku nzima. Alipolewa alipiga gitaa kwa nguvu hadi nyuzi zikamkata, akaendelea, damu ikidondoka kwenye ubao wa boti. Mama alimnyang'anya chupa, akapata nyingine. “Weye mutoto, unataka minye nikuzike?” alimlilia. Musafiri alimbusu paji la uso akasema, “Mama, wale wa kule juu walinizika zamani.” Hilo ndilo pekee tulilowahi kusikia kuhusu Lemera. Sikio la kufa halisikii dawa. Na hata kama lingesikia, njia ya kwenda hospitali ilikuwa imefungwa na bunduki.

Alikufa masika, mchana, wakati wa mvua nyepesi. Mimi sikuwapo. Alikuwa ameomba betri ijazwe, nami niliibeba kichwani hadi kwa mwenye mashine ya kusaga, aliyetuchajia alipokuwa akisaga unga. Niliporudi nimelowa, tindikali imenidondokea kidoleni, nilikuta wanawake wamekwisha kuketi chini. Neema ndiye aliyekuwa amemshika kichwa. Hata kifo chake alikiona yeye. Nilimuuliza kama alisema neno. “Aliuliza kama betri imefika,” alijibu. Nimelipindua jibu hilo miaka yote. Sijui kama aliuliza habari za betri, au za aliyeibeba.

Kwa watu wa Nyanya, mwanamume akifa bila mtoto hazikwi mikono mitupu. Hupewa kaa lililozimika, maana yake moto wa mtu huyu umeishia hapa, asirudi kuutafuta. Nyanya alilichagua mwenyewe jikoni, kaa dogo jeusi, akalitia katika kiganja cha Musafiri na kuvifunga vile vidole vilivyojaa makovu ya nyuzi. Padri aliangalia pembeni. Moto huzaa jivu, na huyu hakuzaa hata hilo.

Siku ya kuondoa matanga watu walijaa uani. Kwetu siku hiyo vitu vya marehemu hugawiwa ndugu, na anayepewa husimama ili wote wamwone. Koti lilikwenda kwa mjomba. Viatu vilikwenda kwa binamu. Kisha Nyanya akainua gitaa, akaita jina langu. Damu ni nzito kuliko maji. Nilisimama, nikalipokea, nikamtafuta Neema kwa macho. Alikuwa ameketi karibu na jiko, anasonga ugali, ameinamisha kichwa. Ilikuwa siku yangu tamu kuliko zote za msimu ule.

“Tupigie kidogo, binti,” alisema mzee Ramazani. “Ile kelele ilinifukuzia wateja, lakini leo niko na hamu yayo.”

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Redio ikaletwa, betri ikaletwa, ile ile niliyoijaza siku aliyokufa, haikuwa imeguswa. Mjomba akabana nyaya; zikatoa cheche na redio ikanyamaza. Akajaribu mwingine, kimya. Hakuna aliyejua pembe ya kushikia wala mkazo wa vidole, ila mimi. Nikabaki nimesimama na gitaa shingoni, betri miguuni, na mikono miwili tu. Nikilishika gitaa, hakuna atakayelisikia. Nikishika nyaya, alishike mwingine. Na mwingine alikuwa mmoja tu.

Nilitaka kumsikia Musafiri. Nililivua gitaa, nikaenda nalo jikoni, nikamtupia Neema mapajani kama mtu anayerudisha sufuria ya watu. Kisha nikarudi kwenye betri, naye akaja nalo, nikachuchumaa, nikabana.

Alipiga wimbo aliofundishwa na Musafiri, usio na maneno. Spika ikakwaruza, ikanguruma. Ulipopanda, mikono yangu ikatetemeka, safari hii bila kuamrishwa, na ile sauti ikalia huku inakimbia, ikajaa uani, ikapita juu ya mabati. Mama alifunika uso kwa kitenge. Ulipokwisha, Nyanya alikuwa amesimama.

“Tulimuzika na kaa yenye kuzimika,” alisema. “Tulisema hakuacha mutoto. Tulikosea. Moto yake iko hapa.” Akamwekea Neema mkono kichwani. “Gitaa ikae na mutoto wake.”

Hakuna aliyenitazama. Bado nilikuwa nimeshika nyaya. Kesho yake Nyanya alitia kaa la moto, jekundu, katika kigae, akamshika Neema mkono, wakaenda makaburini kumwomba marehemu radhi. Niliwafuata kwa mbali kwa sababu mtu mmoja lazima aangalie. Waliliweka juu ya udongo. Lilitoa moshi mwembamba, mvua ikaanza, na walisimama wakilikinga kwa mikono yao miwili miwili.

Sasa mimi ni mtangazaji wa redio hapa hapa Uvira, nazunguka mjini nikitazama na kusimulia, na macho yangu ndiyo yanayonilisha. Neema yuko ng'ambo, anapiga katika kumbi kubwa, na watoto wa binamu yangu hunionyesha picha zake katika simu. Rugenge ina paneli za jua juu ya mabati. Vijana wana spika nzima, safi, na hakuna anayemwita mdogo wake ashike kitu. Neema akiulizwa alikojifunza husema, “Baba yangu alikuwa Musafiri wa Uvira. Hakuacha mtoto mwingine.” Huwa najibu peke yangu, mbele ya simu, kwamba aliacha dada. Wivu wa utotoni hudhaniwa kuwa kama meno ya utotoni. Wangu haujang'oka.

Mwaka huu alinipigia. “Dada Furaha, niko na mashine za kila aina, lakini ile sauti ya nyumbani siipati. Ilikuwa nini?” Nilimweleza habari ya panya na karatasi ya spika. Alifurahi, akasema atachana moja. Baada ya siku chache akanitumia wimbo. Ulikwaruza, ulinguruma, na mahali pa kupanda ukapanda ukiwa umenyooka kama barabara ya lami. “Bado inakosekana kitu,” aliandika.

Nilikaa barazani, nikausikiliza tena, kidole gumba kinawasha. Nikamjibu kwamba ni mzuri. Habari ya mkono wangu sikumwambia. Nimeiandika hapa, na siku akiisoma, aijue kama wengine wote: kwa kusimuliwa.