Nywele za Uzi na Sikio la Kushoto

Juzi darasani niliwapa watoto wangu wa chekechea njiti mbilimbili, nikawauliza ipi ndefu. Mmoja akainua zake, moja imechomoza juu ya mwenzake, akasema kwa kujiamini kabisa kwamba ndiyo hiyo. Kumbe ilikuwa fupi, aliishika juu zaidi tu. Kabla sijafikiri, maneno yakanitoka: "Miguu sawa kwanza, ndiyo utazame vichwa." Hayo, rafiki yangu, yalikuwa maneno ya bibi yangu, na nilikuwa sijayasikia kwa miaka mingi.

Tuliishi Kariakoo, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua nyuma. Mbele kulikuwa na makelele ya wapakua nazi na viazi, uani kulinukia mafuta ya taa na maandazi. Bibi alifunga fagio za chelewa, zile njiti za makuti ya mnazi, akauza sokoni. Kazi yangu ilikuwa kuzichambua, ndefu huku, fupi kule. Nilizigonga sakafuni mpaka zikae sawa chini, kisha nikachomoa zilizozidi juu. Nikikosea hakunifokea, alirudia yale yale ya miguu na vichwa, akaendelea kutafuna tambuu yake. Kusema kweli niliichukia kazi ile, maana chelewa huchoma vidole.

Mwaka ule mtoto wa jirani wa chumba cha pili alikuwa anaandikishwa darasa la kwanza. Usinicheke, lakini niliona nikibaki mwaka mzima peke yangu na zile chelewa nitakufa. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho, wengi hatukuwa nacho. Mwalimu alikupima hivi: unapitisha mkono juu ya utosi, ukigusa sikio la upande wa pili umekua, usipogusa urudi mwakani. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, mimi na mtoto wa jirani tuliegemeza migongo ukutani, mabega sawa, tukanyoosha mikono mbele. Wangu ulimpita kwa ukucha mzima. Nikalala na furaha.

Bibi naye hakutaka niende shule kama mtoto asiye na kwao. Aliamka alfajiri akanifunga nywele za uzi, nene, zikasimama wima kichwa kizima. Wapangaji walinisifia mpaka nikaona haya.

Shuleni, mtoto wa jirani na kipara chake aligusa sikio bila shida. Zamu yangu ikafika. Nikavuta, nikavuta, vidole vikaishia hewani.

"Bado huyu, bibi," mwalimu akasema kwa upole. "Mlete mwakani."

Bibi akanishika mkono tukaanza kuondoka. Nililia. Lakini jambo lile halikuniingia akilini, nikamwambia kwa kwikwi, "Bibi, mkono wangu unamzidi. Tulipima jana, mabega sawa."

Bibi akasimama. Akanitazama, si mkononi, juu zaidi, akaguna. Kisha akaketi palepale barazani, akaniweka katikati ya magoti, akaanza kuzifumua zile nywele zilizomkosesha usingizi, uzi mmoja mmoja, watu kwenye foleni wakitukodolea macho. Akazilowesha kwa maji ya bomba, akazikandamiza kwa kiganja, akanirudisha kwa mwalimu.

"Mwanangu, mpime tena. Kichwa nilimwongezea mwenyewe."

Mwalimu akacheka, akanipima. Kidole kikagusa sikio.

Kipimo kile kimekufa na sikililii, maana mtoto hastahili kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mkono. Nyumba yetu imekuwa ghorofa la maduka ya simu, na ua haupo. Watoto ninaowafundisha wamezaliwa baada ya hayo yote na wanachangamka vizuri tu. Ninayemlilia ni bibi mwenyewe. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Asubuhi ile, nilipokwisha kuingizwa ndani na wenzangu, nilimwona kupitia dirisha bado yuko barazani, nyuzi nyeusi mkononi. Baadaye aliniambia alikuwa amechoka, akaona apumzike kidogo. Alipumzika hadi kengele ya mwisho.