Mboga za Gunda

Benta, jirani wa Rispa, alileta habari mtungi wa maji ukiwa bado kichwani.

"Umesikia ya yule Mkisii wako wa ndizi? Ameonekana kwenye gunda la marehemu baba mkwe wako. Peke yake, anang'oa majani na kuyachoma moto. Na ilikuwa Jumapili, watu wako kanisani."

"Labda anasafisha," Rispa alisema, huku akimfuta mwanawe Apondi makamasi.

"Anasafisha shamba la nani? Yule anatafuta dawa ya kuloga, Mama Apondi. Ukinunua ndizi zake, zioshe mara mbili."

"Mbona wewe umenunua jana?"

"Jana nilikuwa sijasikia," Benta akajibu, na wote wawili wakacheka.

Gunda ni boma lililohamwa baada ya mwenyewe kufa. Nyumba huanguka, ua wa ng'ombe huoza, na mahali pale mboga huota zenyewe, laini na nene kwa sababu ya samadi ya miaka mingi. Watu hupaheshimu, maana ni pa wazee wao. Mgeni hana shughuli humo.

Na Nyanchoka, yule Mkisii wa ndizi, alikuwa mgeni. Alishuka Sindo, kando ya ziwa, kutoka milima ya Kisii na mumewe Ongeri, wakauza ndizi pamoja. Ongeri alipofariki, watu walidhani mjane atarudi kwao. Hakurudi. Sokoni walimwita Mama Mokaya, kwa jina la mwanawe wa pekee. Jumamosi alikuwa kanisani kwake, Sabato, na lile jiwe alilokuwa akilikalia sokoni lilibaki tupu. Hakuna mwanamke aliyethubutu kulikalia. Rispa alikuwa amemtazama kwa muda mrefu. Alimwona jinsi alivyomkatia mtoto wa mtu ndizi kabla mama yake hajaulizia bei. Alimwona pia anavyochambua mboga alizouza pamoja na ndizi, jani moja moja, akinusa, hata wenzake wakamtania.

"Mama Mokaya anatafuta chawa."

"Nikimpata nitakuonyesha," alijibu bila kuinua macho.

Mwaka ule ziwa lilipanda. Maji yaliingia mashambani yakakaa, na kitalu cha mnavu cha Rispa kikawa mahali pa vyura. Mume wake alikuwa Kericho, kwenye chai. Basi Rispa akachukua kikapu akaenda gunda, kwa kuwa lilikuwa la baba mkwe wake na hakuna wa kumuuliza. Mboga zilikuwa changa, zimesongamana. Akachuma akijaza mikono.

Alipozipika zilikuwa chungu. Hilo halikumshtua. Mboga chungu huku hutiwa maziwa, hulazwa, hupashwa moto tena na kutiwa maziwa mengine, mpaka uchungu utoke. Ndivyo mama mkwe alivyomfundisha. Siku ya pili akaonja, bado. Akaongeza maziwa. Mchana akampakulia Apondi kwanza na ugali laini, naye akasubiri mtoto ashibe ndipo ale.

Hakufika kula. Apondi aliomba maji, akaomba tena. Uso ukawa mwekundu, ngozi ikakauka kama mkaa uliozimika juzi lakini inachoma. Akaanza kuchuma vitu hewani kwa vidole, akicheka. Kisha akamwita mama yake kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo, ilhali amempakata.

"Niko hapa, mama. Niko hapa," Rispa alimwambia. Mtoto akamtazama kwa macho yaliyokuwa meusi yote, asimtambue.

Benta aliingia, akaona, akashika mdomo. "Ulienda gunda. Babu yake anamtaka." Akatuma watu wamwite mganga, aliyekaa mbali kuelekea Mbita. "Asivuke kizingiti mpaka aje. Ukimtoa, wale wanaomwita watamfuata njiani."

Nyanchoka alikuwa akipita na kapu lake aliposikia kilio. Hakubisha hodi. Alimfungua mtoto jicho kwa kidole gumba, akauliza, "Amekula nini?"

Rispa akaonyesha chungu. Nyanchoka akachota mboga, akatandaza majani kiganjani, akayatenganisha taratibu kama alivyofanya kila siku sokoni. Moja akalishika kwa kikonyo.

"Hili si mnavu. Hili likikua hutoa ua jeupe refu na tunda la miiba. Likiwa changa linajificha katikati ya mboga. Maziwa yanatoa uchungu, sumu haiyatoki majani."

"Kumbe unalijua," Benta alisema. "Si wewe uliyekuwa unayang'oa kule?"

"Ni mimi. Sikumaliza."

Benta akasimama mlangoni. "Mama Apondi, akifia njiani ni juu yako."

Nyanchoka hakubishana naye. Alimgeukia Rispa, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu Mayaka alitafuna mbegu zake tukichunga ng'ombe. Alizungumza na watu tusiowaona. Wakasema ni mababu, wakamfunga kamba, wakamngoja mganga. Mganga alikuta maiti. Twende zahanati."

Rispa aliangalia kizingiti. Aliangalia vidole vya mwanawe vinavyochuma hewa. Akamfunga mgongoni kwa leso, akapita ubavuni mwa Benta, akavuka.

Nyanchoka alikuja nyuma na kile chungu kichwani, njia nzima, mboga na vyote. Dresa wa zahanati, Bwana Jeremiah, alipouliza mtoto amekula nini, Nyanchoka alikitua mezani kwake. Jeremiah alitazama mara moja tu, akamtapisha Apondi, akamlaza kwenye chumba chenye giza, akawaambia wamshike mikono asijiumize. Wakamshika, mmoja kulia, mwingine kushoto.

Asubuhi Apondi alilalamika kwamba mwanga unamuumiza macho. Kisha akasema, "Mama, uji." Rispa alilia hapo, si kabla.

Nje, Nyanchoka alikuwa anasugua chungu kwa mchanga.

"Mama Mokaya, kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia sokoni. Wakasema naogopa mboga za bure zitaniharibia biashara." Akakisuuza, akakiinamisha jua likikaushe. "Lile gunda ni la baba mkwe wako. Mimi nikiingia, ni mchawi. Wewe ukiingia, uko kwenu."

Rispa alimfikiria Benta, na wote watakaokuwa njiani.

"Jumapili watu wakitoka kanisani, njoo na jembe tukamalizie kuyang'oa," Nyanchoka alisema. "Tupite sokoni katikati, tusizunguke nyuma. Na mtoto umbebe mgongoni, wamwone. Utakuja?"