Posho ya Njia

Nilisoma zamu ya mchana. Vijana wa leo huenda wasijue maana yake, basi nieleze. Shule yetu ilikuwa na wanafunzi wengi kuliko madarasa, kwa hiyo wengine waliingia asubuhi na sisi tuliingia saa saba. Tulitoka saa kumi na moja na nusu. Lubumbashi jua huzama karibu na saa kumi na mbili, kwa hiyo nikitembea haraka nilivuka dembo mwanga ungalipo. Mwalimu akitukawiza kidogo tu, nilivuka gizani.

Dembo ni bonde tambarare lenye maji chini ya majani. Letu lilikuwa kati ya barabara ya lami na kata tuliyokaa, pembeni mwa Kenya, namaanisha Kenya ya kwetu, mojawapo ya zone za mji. Njia ya miguu ilipita katikati. Mvua zikianza, majani yalipanda hadi kumpita mtu mrefu, na wanawake wote walipita humo, wa sokoni, wa hospitali, wa mashambani. Wanaume wenye nia mbaya walilijua jambo hilo. Mama mmoja alinyang'anywa kikapu, mwingine aliburutwa hadi akapoteza viatu, na yaliyompata wa tatu mama zetu waliyasimulia kwa sauti ya chini wakitutazama sisi wasichana.

Baba hakuwa mtu mkali. Alifanya kazi kwenye kampuni ya shaba, ingawa hakupata nyumba kwenye kambi ya wafanyakazi, na kila zamu yake iliporuhusu alinisubiri mwenyewe kwenye lami. Lakini zamu zilibadilika kila wiki. Mwezi wa kumi, mawingu yalipoanza kujikusanya, aliniita akasema mvua ya kwanza ikinyesha nitabaki nyumbani. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nipate diploma. Nilijua anasema hivyo kwa kunipenda, na kujua hivyo hakukunisaidia hata kidogo.

Aliyenisaidia alikuwa jirani yetu, mama aliyeuza samaki wakavu wa Kasenga. Nitamwita mama wa samaki, kama tulivyomwita sote. Hakuwa amesoma, lakini alikuwa na swali moja ambalo nimelitumia maisha yangu yote. Mtu akimletea shida, hakuuliza ni kosa la nani. Aliuliza kazi ya kuiondoa inakula nini, yaani itahitaji vitu gani na watu wangapi. Mama alipomweleza habari yangu, aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kuhesabu kwa vidole: mapanga, miti ya kuvukia maji, mikono ya watu. Mikono, alisema, ipo tayari kila Jumamosi.

Alimaanisha salongo. Miaka ile ya chama kimoja, kila raia alitakiwa Jumamosi afanye kazi ya nchi bila malipo: kufagia, kuzibua mitaro, kufyeka. Kwetu salongo ilifanyika mahali pale pale, mbele ya ofisi ya chama, na nusu ya watu waliugua Jumamosi wakapona Jumapili. Mama wa samaki aliniagiza niandike barua kwa Kifaransa, ya kuomba salongo ihamie kwenye dembo, kisha sisi watatu tukaipeleka kwa chef, mkuu wa kata.

Chef aliisoma mara mbili. Akasema salongo ni ya barabara kubwa, kwa sababu kule ndiko commissaire, mkuu wa zone, anakopita.

"Anapitaka mara moja mu mwaka, chef," mama wa samaki akamjibu. "Siye tunapita kila siku."

Chef alicheka, tena si kwa dharau. Akauliza, watu wanaokimbia salongo ya hapa kwenye vumbi, nani kati yao atakuja kufyeka kwenye maji?

"Tutapika," mama wa samaki akasema. "Bukari ikiwa pale, batakuya."

Bukari ndiyo ugali wetu. Hapo ndipo ilipozaliwa posho ya njia. Posho, kwa asiyejua, ni unga wa mahindi ambao kampuni iliwagawia wafanyakazi wake kila mwezi. Kila mke wa mfanyakazi alitoa bakuli moja la unga. Wasio na posho walileta makala, yaani mkaa, chumvi, majani ya mihogo. Mama wa samaki alileta samaki. Unga uliozidi uliuzwa, tukapata mapanga na miti. Jambo lililonivutia kuliko yote ni bakuli lenyewe. Alizunguka nalo yeye, lile lile moja nyumba kwa nyumba, na mama ambaye hakuweza kulijaza alimimina alichonacho, kisha mama wa samaki akausawazisha unga kwa kiganja, taratibu, vile vile alivyofanya kwa bakuli lililojaa. Hakuna aliyeulizwa kwa nini. Nimeona miradi mingi tangu siku hiyo, yenye mihuri na mikutano, na iliyodumu ni ile iliyoanza kwa heshima ya namna hiyo.

Chef alikubali, na Jumamosi ya kazi wagonjwa wote wa mwaka walipona. Chef mwenyewe alivua koti lake la abakosti, vazi la wakubwa wa chama, akalitundika kwenye mti, akafyeka akiwa na fulana. Majani yalikatwa hatua kumi kila upande wa njia, miti ikalazwa juu ya maji, watu wakala bukari na kunywa munkoyo, kinywaji chetu kitamu cha mahindi, hadi vyungu vikakauka. Jioni baba alienda peke yake kuona. Aliporudi alinawa miguu, akasema nitaendelea na masomo.

Sasa nieleze kosa letu, na naomba msitucheke upesi. Majani yalipoondoka, udongo mweusi ulibaki wazi pande zote mbili, na mvua ya kwanza ikaunyeshea. Kwetu, ardhi iliyofyekwa haikai bure. Hata uchochoro kati ya nyumba mbili hupandwa mahindi. Mama yangu ndiye aliyetangulia, tena kwa sababu nzuri. Alisema mahindi yatazuia majani yasirudi. Wengine wakamfuata, mama wa samaki naye. Mahindi yalistawi ajabu. Nilipita katikati yake kila siku nikiyasifu, na sikuona kitu, wala hakuna aliyeona, hadi mwezi wa kwanza, yalipokuwa yamempita baba urefu.

Jumamosi moja jioni jirani yetu mjane alikuwa anatoka sokoni. Mwanaume alitokeza kutoka kwenye mahindi akamkamata mkono. Alipiga kelele, watu wa barabarani wakakimbilia, yule mtu akatoroka. Mjane alifika nyumbani kitenge kimechanika, bila jeraha. Alipoulizwa mtu yule alitokea wapi, alisita, maana mama alikuwa amesimama mbele yake. Kisha akasema. Alitokea kwenye mistari ya mama yangu.

Baba aliniambia usiku huo nisijiandae kwa Jumatatu. Hakupandisha sauti.

Jumapili baada ya misa wanawake walijaa uani kwetu. Lazima muelewe mwezi wa kwanza ni mwezi wa namna gani. Magunia yamekwisha, bei ya unga imepanda, na mahindi ya shambani yametoa nywele. Baada ya wiki chache tungeanza kuyachoma. Kila mtu alitafuta njia ya kuyaokoa. Mmoja alisema tukate yaliyo karibu na njia tu. Mwingine alisema wasichana wavuke kwa kundi, na mwingine akamkumbusha kwamba mjane si msichana na wala hana kundi. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akivuta ugoro pembeni, akasema, "Tulipikia bantu bukari juu tujengee bezi nyumba." Bezi ni wezi, na nyumba yao ilikuwa mahindi yetu. Walicheka wote, hata mjane, halafu kicheko kikaisha.

Mama wa samaki hakuamuru mtu. Aliuliza tu swali lake la siku zote.

"Kazi hii inakula nini?"

Mama yangu hakuwa mwanamke wa kuzungumza kwenye mikutano. Nilimwona akitazama mikono yake. "Inakula mahindi yangu," akasema. "Mutoto wangu kesho ataenda ku masomo."

Akaingia ndani, akatoka na panga, akashika njia ya dembo na kitenge chake cha misa. Sote tulimfuata. Alianza na mistari iliyokuwa na mahindi mazuri zaidi, nadhani kwa makusudi, ili asibaki na kishawishi. Mabua mabichi yanatoa mlio wa maji yanapokatwa. Baba alikuja nyuma yetu. Nilidhani anakuja kumzuia, kwa maana hesabu ya chakula chetu cha miezi miwili ilikuwa imesimama pale. Alikwenda hadi mwisho mwingine wa mstari ule ule, akaanza kukata akimwelekea. Mama wa samaki akaingia kwenye shamba lake, kisha wengine mmoja mmoja, baadhi wakilia waziwazi.

Mama mmoja alikataa. Alikuwa na watoto saba na mume asiye na kazi. Shamba lake lilikuwa mwisho kabisa, karibu na lami ambako watu wanaonekana, na mama wa samaki akasema aachwe. Hakuna aliyemtukana. Mahindi yake yalipokomaa alileta bakuli kubwa la mahindi ya kuchemsha kwetu, akaliweka mlangoni, akaondoka kabla mama hajamshukuru.

Siku ile ile walikubaliana kwamba kando ya njia hakitapandwa kitu kinachopita goti: viazi vitamu, maharagwe, karanga. Na kila mwenye shamba pale angetoa sehemu ya mavuno yake kwa posho ya njia, ya kuwapikia wafyekaji kila mwaka na kubadilisha miti iliyooza. Njia ikaanza kujilisha. Mkiwa mnafikiria kazi kama hiyo mahali penu, msiogope kuanza na kidogo, wala msiogope kukosea. Wao walikosea vibaya, wakarekebisha kwa mkono wao wenyewe.

Jumatatu yake mwalimu alitukawiza. Nilifika ukingoni mwa dembo jua likiwa limeshashuka nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi niliona ng'ambo ya pili yote, hadi kwenye miti ya kuvukia. Mama na mama wa samaki walikuwa wameinama katikati ya visiki vya mahindi, wanachomeka vipande vya mashina ya viazi kwenye udongo. Mama aliniona nikitokea mbali. Hakunisubiri wala hakunipungia mkono. Alirudi kuinama, nami nikavuka.