Isale Juu ya Jeneza la Mwalimu Evarist

Hadi sasa mkono wangu unagoma kuandika "marehemu" mbele ya jina la Mwalimu Evarist. Jumamosi tumemzika hapa Kibosho, na wapendwa, nimerudi nyumbani na kichefuchefu.

Wengi wenu hamkumfahamu. Alitufundisha sayansi shule ya msingi, enzi zile za Ujamaa, sabuni ikiwa ya kupanga foleni.

Siku moja redio ya ofisi ya kijiji ilianza kukoroma katikati ya hotuba. Mwenyekiti wa kijiji akaipiga kofi. Ikakoroma zaidi.

Mwalimu akasema taratibu kwamba jua limechafuka, tusubiri tu.

"Kwa hiyo jua nalo ni bepari?" Mwenyekiti akamuuliza. Uwanja mzima ukacheka.

Kesho yake Mwalimu alitupeleka kwenye mzinga wa nyuki kihambani kwake, katikati ya migomba ya nyumbani. Akatueleza kwamba dunia ina nguvu ya sumaku, na sumaku hiyo imenasa chembe ndogo mno zenye mwendo mkali. Zinatuzunguka juu kabisa, kama mikanda miwili, kama nyuki na mzinga wao.

Jua likilipuka, upepo wake unaitikisa ile sumaku. Mara nyingine chembe zinaongezeka na kuwa kali, mara nyingine mkanda wa nje unamwagika, unabaki mtupu. Huwezi kujua kabla. Na huku chini hazitufikii, alisema, Mungu ametufunika kwa hewa.

Mwenyekiti akatangaza kwamba Mwalimu anawatisha watoto kuwa angani kuna sumu, ili wazazi waache kulima kahawa. Mwalimu akanyang'anywa darasa, akapewa kusimamia shamba la shule. Wakambandika jina, Bwana Mkanda. Kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kikizungushwa, yeye anarukwa.

Uzeeni aliniambia tukitoka misa, "Mwanangu, sitaki kikao. Mwenyekiti aniletee isale tu."

Isale ni lile jani letu Wachagga. Ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha.

Halikuja.

Jumamosi, yule yule Mwenyekiti, sasa mzee wa fimbo, akasogea mbele ya simu zinazorekodi. Akalaza isale juu ya jeneza, akamwita Mwalimu "nuru ya kijiji." Watu wakapiga makofi. Msibani!

Mjane, Mama Eliza, akainuka. Akalitoa lile jani, akamrudishia mkononi kwa adabu zote.

"Shikamoo, baba. Miaka yote alikuwa hapo ng'ambo ya mfereji wako. Hukuvuka."

Akarudi kukaa. Kwaya ikasahau kuanza.

Najua Mkristo anatakiwa kusamehe. Niombeeni, leo sijaweza. Na ninyi mliokuwa mkimwita Bwana Mkanda, sasa mmejaza picha yake kwenye status, mnanichefua. Ile video msinitumie tena.

Jioni hii redio ya jikoni kwangu imekoroma. Sijaipiga kofi, Mwalimu. Nimesubiri.

Lala salama, mwalimu wangu. Huko hakuna anayerukwa.