Aliyegonga Waya Kona ya Kaoze

Najua nikitaja Sumbawanga mnaanza utani wa wachawi kuruka na ungo. Chekeni tu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la pombe.

Gari langu ni Landkruza kuukuu, la kupandisha mpunga kutoka Kaoze. Barabara ile masika haina huruma, kwa hiyo nikalifungia vifaa vya kujikwamua: winchi, mashine ya gari kujivuta lenyewe, kwenye bampa, waya wake wenye ndoano, mkanda mpana wa kuzungushia mti, jeki ndefu na sepeto. Aliyenisaidia kufunga, bolti kwa bolti, ni Joakimu, rafiki yangu tangu tukisoma Kaengesa. Pale pale uani kwangu Malangali, Sumbawanga mjini, tukakubaliana ishara, maana upepo wa Ufipa unameza sauti. Anayefunga ndoano kwenye mti hapigi kelele. Anagonga waya kwa jiwe mara mbili, ananyamaza, kisha mara moja. Mimi nasikia kwenye bampa, ndipo navuta. Hata mke wangu hakuijua ishara hiyo.

Siku hiyo tulikuwa tunapanda na mzigo. Alasiri ukungu ukashuka, mzito, na kwenye kona moja matairi yakazama. Kulia mlima, kushoto korongo. Joakimu akashika ndoano, akavuta waya kwenda mbele, akapotelea ukunguni. Nikasubiri. Ngo, ngo. Kimya. Ngo.

Nikabonyeza kitufe cha winchi. Waya ukakaza, gari likaanza kutoka matopeni, nami nikafurahi, niamini. Kisha nikaona usukani unanikataa. Pua ya gari ilikuwa inaelekea kushoto. Huyu Joakimu kafunga mti gani upande ule?

Mara mlango wangu ukapigwa teke. Alikuwa Joakimu, katokea nyuma ya gari, amekumbatia mawe ya kuweka chini ya matairi.

"Acha! Acha kuvuta! Ndoano niliiacha chini, sijafunga popote!"

Nikaachia kitufe. Waya ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, unaingia korongoni, kusiko na mti hata wa dawa. Niliogopa, ndiyo. Lakini kilichonivunja moyo ni pale Joakimu alipougeukia ukungu, akafoka kama anayemfokea mtu anayemfahamu: "Nilikwambia si leo!"

Si leo? Basi ingekuwa lini?

Nikamkunja shati. Akalia kama mtoto. Kumbe nilipougua nikampa gari ashuke peke yake, alikwama kona ileile. Akatokea mzee mmoja aliyevaa koti, akamtoa. Mzee hakutaka ahsante. Aliuliza tu, wewe na mwenzako mkikwama mnaitanaje? Joakimu akamwonyesha. Mzee akacheka, akasema, basi wewe nenda, nitamchukua yeye. Tangu hapo, kila tukipita, Joakimu alikuwa akimwomba kimoyomoyo: si leo.

"Ningekuambia, kaka, usingenipakia tena," Joakimu akasema.

Na mimi nilikuwa nampakia! Nakula naye ugali sahani moja, nampitisha kona ile tena na tena, naye anajua, anatafuna!

Tuliufungua waya kwenye winchi. Ukateleza wenyewe kuingia korongoni, taratibu, kama kuna anayeukusanya. Tukachimba kwa sepeto mpaka tukatoka, tukapanda hadi mjini.

Siku hizi tukikutana ananiita kaka. Naitikia, basi. Watu wanasema nimsamehe kwa kuwa ndiye aliyenizuia kuvuta. Huenda. Lakini sijawahi kupata uchungu kama ule, hata kwenye misiba.

Wewe unayefunga winchi leo, nisikilize. Kabla hujabonyeza, shuka ukauguse mti kwa mkono wako, hata kama aliyefunga mmenyonya ziwa moja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilidhani ni maneno ya mtihani tu.

Winchi yangu haina waya tena. Lakini ukungu ukishuka mpaka Malangali, gari likiwa limeegeshwa uani, bampa inagongwa. Mara mbili, kimya, mara moja. Mke wangu huniuliza ni nani. Namwambia afunge mlango, ni mzee wa kona ile, na leo si siku yake.